Nyimbo za matusi zinawaondoa wazazi viwanjani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji niandike juu ya jambo ambalo sisi wapenzi wa soka wa Mtwara na Lindi tunalizungumza kwa sauti ya chini tukiwa njiani kurudi nyumbani, lakini hatulisemi mbele ya wanaohusika. Nalo ni nyimbo za matusi zinazoimbwa na vikundi vya ushangiliaji katika mechi ambazo watu wamekuja na wake zao, watoto wao na wazee wao. Simzungumzii shabiki mmoja aliyeghadhibika kwa sababu mwamuzi amewanyima penalti akatokwa na neno baya, kwa kuwa huyo yupo kila mahali panapochezwa mpira, na jirani yake humshika bega akatulia. Nazungumzia wimbo uliotungwa, ukafanyiwa mazoezi, ukawekewa ngoma na tarumbeta, ukapata mtu wa kuutoa na mamia ya watu wa kuuitikia, na ambao maneno yake, kama ningeyaandika hapa, usingeweza kuyachapisha.

Mikoa yetu miwili haikuzoea kuwa na ligi kubwa mlangoni. Ndanda, timu ya Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, Uwanja wa Nangwanda Sijaona ulianza kujaa watu ambao hapo kabla walikuwa wakizisikiliza Simba na Yanga redioni tu. Ndanda iliposhuka mwaka 2020, Namungo ya Ruangwa, mkoani Lindi, ilikuwa imekwisha kupanda, na msimu wake wa kwanza haukuwa umekwisha sawasawa kabla haijapata nafasi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika, ambako ilifika hatua ya makundi. Kwa watu wa kusini jambo hilo lilikuwa kubwa. Siku timu ya Dar es Salaam inapokuja Ruangwa, watu hutoka Nachingwea, Masasi, Lindi mjini na hata huku kwetu Mtwara, na hawatoki vijana peke yao. Wanatoka akina mama waliovaa kanga za rangi ya timu, wanatoka wazee wenye bakora zao, wanatoka watoto waliobebwa begani ili waone goli. Ndani ya uwanja wamo pia akina mama na wasichana wanaouza karanga, korosho na maji, ambao hawakuja kutazama mpira ila wamekuja kutafuta riziki, na hawawezi kuhama jukwaa kila wimbo unapochafuka.

Wanaosema kuwa hayo ni maneno tu hawajafikiria ni nani wanaokaa pamoja kwenye majukwaa ya mzunguko. Katika mila za Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, na vilevile katika adabu ya watu wa pwani wa Mikindani na Kilwa, wapo watu ambao hawawezi kusikia neno la aibu wakiwa mahali pamoja. Baba na binti yake aliyekwisha kuwa mkubwa hawawezi. Mtu na mkwe wake ndio hawawezi kabisa. Msimu uliopita nilikaa nyuma ya bwana mmoja aliyekuja na mama mkwe wake, mwanamke wa makamo ambaye kwa namna alivyowataja wachezaji kwa majina ilikuwa wazi kwamba anaufahamu mpira kuliko wengi wetu. Wimbo ulipoanza, yule bwana aliinuka kama anayekwenda kununua maji, akasimama kwenye ngazi mpaka ulipokwisha. Uliporudiwa, akaondoka asirudi. Mama yule alibaki peke yake, shingo ameiinamisha, na timu yake ilipofunga hakusimama. Hakuna aliyewatukana wao, lakini hawakuwa na njia nyingine ya kuhifadhi heshima iliyopo kati yao isipokuwa mmoja wao kutoka. Nadhani wapo wengi walioacha kwenda uwanjani kwa njia hiyohiyo ya kimya, na kwa sababu hawakupigana wala kulalamika, hesabu ya mlangoni haiwezi kuonyesha walikokwenda.

Hapa pana hoja ambayo huletwa na vijana, na inastahili kujibiwa kwa makini kwa kuwa ina sehemu ya ukweli ndani yake. Wanasema: mbona babu zetu na bibi zetu wenyewe waliimba maneno mazito kuliko haya? Ni kweli. Aliyepitia jando au unyago anajua kwamba zipo nyimbo zinazotaja mwili wa binadamu na mambo ya unyumba bila kuficha chochote, na kwamba nyimbo hizo ni mafundisho. Lakini aliyepitia huko anajua pia masharti yake. Zina mahali pake na zina wakati wake, zina wenye ruhusa ya kuzisikia na wasiokuwa nayo, na anayezitoa ni ngariba au kungwi aliyekabidhiwa kazi hiyo na wakubwa. Mtoto ambaye hajaingizwa hakaribii uwanja ule. Wazee wetu hawakuyaogopa maneno mazito, waliyajengea ua. Kijana anayeutoa wimbo wa matusi mbele ya watoto wa darasa la pili hawezi kusema kwamba anawafuata wazee hao, kwa kuwa ameuvunja ua wenyewe.

Vivyo hivyo kwa utani. Watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa kukejeliana. Mtani wako huja msibani akaigiza mwendo wa marehemu, akazuia watu wasipite mpaka apewe chochote, na waliokuwa wakilia wakacheka. Utani wa Simba na Yanga umeendelea vizazi kwa vizazi kwa njia hiyo, na hata leo mtu wa Simba akiitwa Kolo, au wa Yanga akiitwa Utopolo, huumia, akatafuta jibu, na kesho wakanywa chai pamoja. Jukwaa lenye kejeli nzuri humchosha mpinzani kuliko jukwaa lenye matusi. Nimewahi kusikia mashabiki wetu wakiwaimbia wageni kwamba walikuja na mabasi matatu na watarudi na magoli matatu, na benchi la wageni likacheka likiwa limenuna. Kejeli kama ile humtaka mtunzi awe na akili na aijue timu anayocheza nayo. Wimbo wa tusi hauhitaji kumjua mpinzani hata kidogo, ndiyo maana huimbwa uleule kwa kila timu inayokuja.

Nalazimika kusema pia kwamba sehemu kubwa ya nyimbo hizi haimtukani mchezaji mwenyewe. Zinamtukana mama yake. Kipa akidaka vizuri, anatukanwa mama wa kipa. Mwamuzi akionyesha kadi, anatukanwa mama wa mwamuzi. Na pale ambapo mama hatajwi, hutajwa mwili wa mwanamke kwa namna ya kuudhalilisha. Haya yanaimbwa katika nchi ambayo wasichana wake wa umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia kule India mwaka 2022, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Tunawaambia watoto wa kike wa Newala na Liwale kwamba mpira ni wao pia, kisha tunawaleta uwanjani wasikie hayo. Sioni jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kwenda pamoja.

Watoto wadogo nao wanaubeba wimbo kwa mahadhi yake kabla ya maneno yake. Mtaani kwetu wanacheza chandimu jioni, na anayefunga bao hukimbia akiuimba wimbo aliousikia uwanjani au kwenye televisheni, kwa kuwa mechi za Ligi Kuu huonyeshwa moja kwa moja na kipaza sauti cha uwanjani hakichagui. Wanauimba bila ubaya wowote, kwa furaha ya bao. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba mtoto aliyetaka kushangilia hakupewa wimbo mwingine wa kushangilia nao.

Sheria tunayo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 89, inamtia hatiani mtu anayemtukana mwenzake kwa lugha inayoweza kuleta uvunjifu wa amani. Kanuni za nidhamu za FIFA nazo zinaibebesha klabu wajibu wa maneno na ishara za kuudhi zinazotoka kwa mashabiki wake. Wapo wanaodhani kwamba ustaarabu wa Ulaya ni kuacha kila mtu aimbe anachotaka, nao wajue kwamba Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991 inayofanya kuimba kwa pamoja maneno machafu au ya kibaguzi kwenye mechi kuwa kosa la jinai. Hata hivyo sitegemei sana polisi katika jambo hili. Askari hawezi kukamata sauti elfu mbili, na akijaribu kukamata watu kumi katikati ya jukwaa atakuwa ameanzisha fujo mbaya zaidi ya wimbo wenyewe.

Wala sipendelei adhabu ya kufunga milango. Mwaka 2021 FIFA iliamuru Mexico icheze mechi mbili za nyumbani bila mashabiki kwa sababu ya tusi wanalolipaza kila kipa wa wageni anapopiga mpira wa goli, baada ya faini za miaka mingi kutosaidia. Adhabu ya namna hiyo, ikiletwa Ruangwa au Mtwara, itamwadhibu muuza karanga na yule mama mkwe pamoja na mtukanaji. Uturuki walifikiria vizuri zaidi mwaka 2011. Fenerbahçe ilipotakiwa kucheza bila watazamaji kwa sababu ya fujo, shirikisho la huko liliruhusu wanawake na watoto wa chini ya miaka 12 waingie bure, na katika mechi dhidi ya Manisaspor wakaja zaidi ya 41,000. Sitaki wanaume watolewe uwanjani. Ninalolitoa katika mfano huo ni kwamba familia zinaupenda mpira, na zikihakikishiwa heshima zinakuja kwa wingi kuliko viongozi wetu wanavyodhani.

Wengine wamependekeza litengwe jukwaa la familia. Nia yao ni njema, lakini viwanja vyetu havina ukubwa huo. Anayekaa jukwaa kuu anasikia kila neno la mzunguko wa ng'ambo, hasa upepo unapovuma kutoka huko.

Dawa, kwa maoni yangu, iko kwa mtoaji wa wimbo. Nyimbo za jukwaani zina mwenyewe, wimbo haujitoi. Anakuwepo mtu mmoja aliyesimama akiipa mgongo mechi, mikono juu, na pembeni yake wapiga ngoma wawili au watatu. Ngoma ikinyamaza, wimbo haufiki ubeti wa pili. Mtu huyo anajulikana kwa jina na kwa mtaa anaotoka. Mara nyingi amevaa jezi aliyopewa na klabu, ameingia kwa hisani ya klabu, na timu ikienda ugenini hupata nafasi kwenye gari. Klabu inayompa hayo yote inaweza kukaa naye kitako kabla ya msimu, ikamwambia kwamba akitoa wimbo wa matusi, hayo yote yanasimama na ngoma inabaki nje ya geti. Si lazima asemeshwe kwa vitisho. Wengi wa vijana hawa ni watunzi hodari, na wakiambiwa kwamba wanahitajika kwa utunzi wao, nina imani watatunga.

Lipo pia jambo ambalo Bodi ya Ligi inaweza kulifanya bila kutunga kanuni mpya. Kabla ya kila mechi hufanyika kikao cha maandalizi, ambapo kamishna wa mchezo hukutana na viongozi wa timu zote mbili, waamuzi, polisi na wenye uwanja. Naomba suala la nyimbo liwe sehemu ya kikao hicho, na viongozi wa vikundi vya ushangiliaji waitwe. Tumekuwa tukisoma taarifa za faini kwa klabu ambazo mashabiki wake wamerusha chupa au ambazo zimeingia uwanjani kwa mlango usio rasmi. Kamishna auandike wimbo wa matusi katika ripoti yake kwa uzito uleule, ataje dakika ulipoanza na jukwaa ulikotoka. Mtangazaji wa uwanja naye apewe ruhusa ya kuomba jukwaa libadilishe wimbo, kwa lugha ya staha, mara tu unapoanza badala ya kusubiri mapumziko.

Ombi langu la mwisho ni kwa viongozi wa klabu za Mtwara na Lindi, wa Ligi Kuu na wa ligi za chini. Kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu ujao, iteni kikao cha matawi yenu, na kwenye meza hiyo wawepo akina mama wa matawi, kwa kuwa wao ndio wanaotajwa katika nyimbo hizo. Waiteni pia wazee wa ngoma wa maeneo yenu, wanaojua jinsi ya kumkejeli mtu mbele ya watoto wake na mkwe wake bila kumvua nguo. Mtaani kwetu wapo wawili ambao wameniambia watakuja wakiitwa, na nipo tayari kuwaleta.

Mzazi na mpenzi wa soka,
Chikongola, Mtwara