Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja Wetu wa Nyumba, Tabora

Ndugu wanachama, maafande mlio kazini, wastaafu wenzangu na mama zetu wajane,

Shughuli za kawaida mnazijua. Tuliwazika wenzetu wawili, tuliadhimisha Septemba 1, siku lilipoundwa Jeshi letu mwaka 1964, na kamati ilikaa vikao sita. Mihtasari ipo kwa katibu.

Nataka nizungumzie viwanja, maana maneno yamefika hadi vijiwe vya kahawa.

Ni kweli mkutano mkuu uliopita uliazimia tununue shamba la ekari 10 nje ya mji, kila mwanachama apate kipande. Ni kweli pia kwamba nilisimamisha malipo yale, na mwezi Juni shilingi 28,800,000, kati ya 34,200,000 zilizokuwa kwenye mfuko, zikanunua viwanja 12 vilivyopimwa. Katiba yetu haiipi kamati mamlaka ya kutoa fedha nyingi hivyo bila mkutano mkuu. Niliitisha mkutano mara mbili. Mara ya kwanza mlikuja 19, mara ya pili 23, na akidi ni 44. Barua ya toleo, yaani barua ya kupewa viwanja, ilikuwa na tarehe ya mwisho ya kulipa. Nikasaini. Katibu na mhazini walisaini baada yangu, kwa hiyo mwenye lawama anipe mimi.

Kule shambani nilikwenda mara mbili kwa pikipiki yangu na mafuta yangu. Mara ya pili, mwezi Machi, nilimkuta mdogo wake muuzaji anapiga matuta ya viazi katikati ya ekari tulizoonyeshwa. Akaegemea jembe, akaniambia, "Afande, hapa hapajauzwa." Ile ni ardhi ya kijiji. Kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 1999 msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, nasi tulikuwa na karatasi yenye dole gumba la mtu mmoja. Wangapi hapa mmepoteza kiinua mgongo kwa karatasi ya namna hiyo? Sikuwa tayari kuwaongoza tena huko.

Mnasema viwanja 12 havitoshi watu 87. Havitoshi, nakubali. Ndiyo maana kamati imewatanguliza wajane na wastaafu wasio na pa kulala. Walio kazini wamenung'unika, nami nawaelewa, lakini bado wana kota. Serikali imewajengea wanajeshi nyumba 6,064 katika mradi wa nyumba 10,000, na ni jambo la kushukuru sana. Ila nyumba ya kambini ina siku ya kurudisha ufunguo. Wazee wetu waliopigana vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wapo ambao leo wanapanga chumba kimoja kule Ng'ambo, hapa hapa mjini.

Na kuna mama mmoja, mumewe alifariki akiwa kazini. Siku aliyotoka kota nilimkuta chini ya mwembe, kabati lake la mninga limefunikwa turubai, mvua imepita, anafuta maji kwenye miguu ya kabati kwa kanga aliyokuwa amejitanda. Watoto wamekaa juu ya magodoro. Huyo ndiye wa kwanza kwenye orodha, na sitamwondoa.

Sasa ada. Shilingi 5,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 31, waliolipa nusunusu 22, na 34 hawajatoa hata senti. Tulitarajia 5,220,000, tumepata 2,400,000. Nimesikitika sana. Miongoni mwa hao 34 wamo wanaonipigia simu saa nne usiku kuuliza kiwanja chao kiko wapi. Mkutanoni hawaonekani, risiti hawana.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuanza misingi, pengine kwa matofali ya kufungamana ili tupunguze gharama ya saruji na kuni za kuchomea. Tutawaona pia SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, kwa ushauri, na tukijaliwa tutaongeza viwanja kwa ajili ya walio kazini.

Mfuko wa viwanja umebaki na shilingi 5,400,000. Barua za toleo na stakabadhi zote 12 nimekuja nazo leo, zipo mezani kwa mhazini. Kila mmoja apite azisome kabla hatujafungua mjadala.