Mwimo wa Kushoto

Yakhe,

Simu hupokei, na salamu ninazotuma kwa watu wa boti hazirudi na jibu. Basi naandika hapa, ambapo najua mwanao atakusomea hata ukijifanya umelala.

Shaabani imeingia tena. Ijumaa baada ya sala tulikutana zawiyani, nyumba ya ibada ya watu wa tarika, mafundi 9 tu safari hii, kila mtu na randa yake, kwa thawabu, hakuna aliyeuliza hata nauli. Tulishusha boriti 4 za chumba cha khalwa, cha kujitenga kwa ibada. Ni mikoko ileile aliyoitia marehemu baba. Mchwa hawakuigusa. Zilizooza ni ncha zilizoingia ukutani, pale paa linapovuja. Umeona? Wewe ulishikilia ubaya ni wa mbao, mimi nikasema ni wa paa. Kumi la mwisho la Ramadhani watu wa itikafu watafika na mikeka yao, na safari hii hawatanyeshewa, inshallah.

Lakini sikukuandikia habari ya boriti.

Nairudia siku ile tuliyogombana: nimetoka kuswali Alasiri. Sufuria ya pilau iko juu ya mafiga, na chini yake mwimo wa kushoto, nguzo ya ubavuni ya mlango mkubwa wa zawiya, umekatwa vipande vitatu. Kimoja kimeshashika. Mnyororo aliouchonga babu unaingia weusi pingili kwa pingili, na wewe umekalia mbuzi ya nazi, unaichekea simu. (Msioijua milango yetu: wengine husema mnyororo ule ni wa kuilinda nyumba. Baba akisema ni pambo tu la fundi asiyejua kutuliza mkono.)

Ubovu ulikuwa shubiri mbili za chini. Hukatwa hizo, ukachonga ulimi, ukaunga kipande cha mvule mkavu, kazi ya siku moja. Tulifundishwa ukumbi mmoja, kwa patasi moja. Lakini baba alipokuwa akihadithia Sheikh Uways wa Barawa alivyokuja Unguja zama za Sayyid Barghash, na tarika ya Kadiria ikaenea, wewe ulikuwa unasinzia. Ndiyo maana uliona kuni pale.

Nakunasihi kama mkubwa wako: fundi huuliza kabla ya kukata. Mimi huuliza siku zote. Muulize yeyote hapa Wete. Kweli, asubuhi ile mimi ndiye niliyepaza sauti, "Kilichooza chote kitoke!" Lakini nilisema kilichooza, sikusema mwimo mzima. Fundi wa miaka 20 hangoji kupimiwa.

Na lile neno. Nilisema mbele ya mafundi na watoto wa chuo kwamba mlelewa haoni uchungu wa cha babu. Ulitua kisu cha kukatia vitunguu taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, ukaenda kuvaa viatu. Hukula pilau lile. Barabarani ndipo nilipokumbuka kwamba babu yule ni babu yako pia, na kwamba baba alipokuchukua hakukuita mlelewa hata siku moja. Nilikuwa na hasira, bwana. Nani asingekuwa nayo?

Mwimo ulioutia wewe jioni ya jana yake, wa kulia, umesimama wima kama alifu. Nimeupima kwa timazi mara mbili nikitafuta kosa. Wa kushoto niliutia mimi, kwa mfenesi nilioharakisha kukausha, na sasa mlango unakwama kila mvua ikinyesha. Khalifa, mkuu wa zawiya, huusukuma kwa bega na hasemi kitu.

Yote miwili ni mitupu, haina nakshi. Vijana wanataka kuchonga, nimewakataza. Kipande kimoja nilikiopoa motoni, kina pingili tatu nzima, zinatosha kuchukulia kipimo. Patasi yako nyembamba iko sandukuni mwangu, nimeipaka mafuta.

Kutoka Malindi hadi huku si safari ya kufunga mizigo. Njoo kabla mwezi haujaandama. Msumeno uache hukohuko.