Barua kwa mwanangu anayekula kuku wa chumvi tupu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Baba yako hajambo, goti ndilo lile lile.

Dadako kaniambia. Usimgombeze, mimi ndiye niliyembana mpaka akasema. Kwamba huko Ujerumani ulishikwa na kizunguzungu katikati ya zamu ya usiku, ukakalishwa kitini, na mgonjwa mmoja ndiye aliyekuwa akikuuliza wewe kama u mzima. Na kesho yake tulizungumza, tena kwa video, ukawa wanionyesha theluji dirishani.

Mimi habari za theluji sizitaki. Nataka kujua siku ile ulikuwa umekula nini.

Maana dadako asema kila akikupigia jioni akuta sahani ile ile: kifua cha kuku kilichochemshwa kwa chumvi, na wali pembeni. Nusu waila, nusu waifunika, kesho yaenda jaani. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Kuku mwenyewe simlaumu. Wamnunua kwa Mturuki, ni halali, na bei yake najua ni nafuu kuliko ya ng'ombe. Lakini kifua kile hakina ngozi, hakina mfupa, mafuta ni kama hayapo. Ukikitosa kwenye maji yanayotokota ukakisahau nusu saa, watafuna kamba. Hata paka wa hapa uani angekinusa akaenda zake. Chakula hukikosi, mamangu, umekosa hamu. Na mtu aliyekosa hamu huanza kusema ameshiba.

Siandiki haya ili uwe mpishi wa harusi. Najua jiko mwalitumia watu wanne na kila mmoja ana zamu yake. Yote nitakayokuandikia hayapiti robo saa, isipokuwa ya nazi.

Kuku kwanza. Kifua kinene kilaze, ukikate kwa ubavu upate vipande viwili vyembamba. Kipake chumvi, ndimu na pilipili manga, ukiache hapo wakati wavua sare na kunawa. Kikaango kipate moto sawasawa, mafuta kijiko kimoja, kila upande dakika nne au tano. Ukitoboa, maji yatoke bila rangi ya damu. Wewe kazi yako ni kupima watu homa, basi jua kuna vipimajoto vya jikoni pia: katikati ya nyama ikifika nyuzi 74, zima. Watu wengi huongeza dakika kumi kwa woga, na hizo kumi ndizo zinazomkausha kuku. Kitoe kipumzike kwenye sahani kabla hujakikata.

Na kikaango usikioshe! Ule ukoko wa kahawia uliogandia chini ndio mchuzi wako wa kwanza, tena wa bure. Tia maji robo kikombe, kamulia nusu ndimu, kwangua kwa mwiko wa mti mpaka chini patakate, acha yapungue, mwisho tia kijiko cha siagi ukoroge. Mimina juu ya kuku. Dakika mbili, na kikaango chenyewe kimeshajiosha nusu.

Lile la kuosha kuku tusibishane tena. Ulisema mwalimu wenu amewakataza kuku mbichi kumweka chini ya bomba, kwamba matone huruka na vijidudu vikaenea kwenye sinki na vyombo. Nimekuelewa. Mimi nitaendelea kumsugua kwa ndimu na chumvi ndani ya bakuli, bila bomba, mpaka siku yangu ifike. Lakini ubao uliokatia kuku usikatie kachumbari kabla hujauosha kwa sabuni. Hapo mimi na mwalimu wako ni kitu kimoja.

Sasa nazi. Najua utaniambia huko hakuna mbuzi ya kukunia wala kifumbu cha kuchujia. Makopo yapo, ya mililita 400, na maduka ya Waasia hayakosi. Soma nyuma ya kopo: iwe nazi na maji, basi. Yale yaliyopunguzwa mafuta uyaache, hayo ni maji ya kuoshea mchele unayoyalipia. Liweke kopo kwenye friji tangu asubuhi wala usilitikise, utakuta tui zito limepanda juu na jepesi limebaki chini. Jepesi ndilo la kupikia viungo, zito lingoje mwisho, kama tui la pili na la kwanza tunavyofanya hapa.

Kaanga kitunguu nusu kilegee, kisiungue. Tia thomu punje tatu na tangawizi kiasi cha ncha ya kidole, vyote vimetwangwa, kisha manjano kijiko kidogo, pilipili moja, na nyanya moja uliyoikwaruza. Ikishapondeka mimina tui jepesi na chumvi, uache utokote mpaka harufu ya manjano mabichi iishe. Hapo punguza moto, tia tui zito, na usiondoke. Hilo la kusimama na simu mkononi ndilo linaloharibu. Koroga pole pole, usifunike, usiliache litokote kwa nguvu, maana litakatika, ubaki na mafuta juu na chenga chini. Mchuzi ukishika mgongo wa kijiko, zima. Ndimu ni baada ya kuzima, si kabla.

Kuku awe ameshachomwa kando, kwenye oveni, moto wa juu mpaka kingo zibabuke kidogo. Kwa kazi hii nunua mapaja badala ya kifua. Ni rahisi zaidi na hayakauki upesi. Mpake mchuzi, mrudishe dakika tano, mtoe, mpake tena. Huyo ndiye kuku wa kupaka, siri nyingine hakuna. Wanaomtosa kuku ndani ya tui na kumchemsha humo wamepika kitu kizuri, lakini wasikiite jina hilo. Moshi wa makaa hutaupata huko, vumilia.

Kitakachobaki kiingie kwenye friji usiku huo huo, kisilale juu ya meza. Mchuzi wa nazi hauna subira na joto, na najua nyumba zenu hupashwa. Kesho yake upashe mpaka utokote kweli kweli.

Chai na biskuti. Ndivyo dadako alivyosema nilipomwuliza kwa mara ya tatu. Kwamba uliingia zamu ya usiku kucha na chai na biskuti, na kuku wako umemwacha kwenye sufuria. Sijui kama ni kweli, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Ukwaju nadhani ndio utakaokufaa kuliko vyote, kwa kuwa waupika mara moja ukakutosha siku nyingi. Huko huuzwa kipande cha mraba kimefungwa plastiki, kimeshatolewa kokwa. Kata kiasi cha ndimu kubwa, uroweke kwa kikombe cha maji ya moto, uufikiche, uuchuje. Uchemshe na vijiko viwili vya sukari, chumvi, pilipili ya unga, na jira uliyoikaanga kavu ukaiponda. Ukianza kuwa mzito uonje: kama wakunja uso, ongeza sukari. Ukipoa mimina kwenye chupa safi, funga, weka kwenye friji, wiki mbili zapita salama. Huo ukimwagia kuku wa kukaanga, hata kile kifua chako cha kuchemsha, kitapita kooni. Wa viazi karai sina haja ya kukukumbusha.

Ukichoka kabisa, mtindi. Usio na sukari, ule mzito wa kwa Mturuki, vijiko vitano. Thomu nusu punje, chumvi, dania uliyoikatakata, tango ukipenda. Moto hauhitajiki. Hata mtu anayelala amesimama aweza kuutengeneza.

Na njugu. Siagi ya njugu huko iko kila duka, ila soma kopo, isiwe na sukari. Usiitie yote kwenye sufuria, itashika chini. Ilegeze kwanza pembeni kwa supu ya moto kidogo kidogo, kisha iingie kwenye kitunguu na nyanya zilizoiva, ukoroge. Ladha yake hupendeza zaidi na wali mkavu. Baba yako hapendi, mimi napenda.

Siku yako iwe Jumamosi, kwa kuwa Jumapili maduka ya huko yafungwa, na wewe Jumapili ndiyo siku uliyosema umekula mkate mtupu. Jumamosi saga thomu na tangawizi nyingi pamoja na mafuta na chumvi, ujaze ile trei ya barafu, igande. Ukirudi umechoka watupa donge moja kikaangoni, nusu ya kazi imekwisha. Lakini igande, usiweke thomu mbichi ndani ya chupa ya mafuta ukaiacha kabatini. Huweza kuzaa sumu mbaya isiyo na harufu. Hili wewe wapaswa kulijua kuliko mimi.

Mtaa mzima wajua uko wapi. Tangu ule mkataba wa wafanyakazi baina ya Kenya na Ujerumani utiwe saini Berlin mwaka 2024, hapa Kisauni haipiti wiki bila mama fulani kuja kuniuliza mwanangu alijifunzia wapi Kijerumani na alisoma muda gani. Nami natoa kifua mbele, nawaeleza mpaka ile mitihani yako ya lugha uliyoifanya mara mbili. Siwaambii kwamba mwanangu amlisha bibi wa watu kijiko kwa kijiko, akingoja ameze, halafu yeye mwenyewe aenda kuzimia kwa njaa ukumbini. Utu uzima gani huo?

Nikuulize jambo, na unijibu wewe, si kupitia dadako. Ni mabati? Maana nimekaa nikahesabu na kila ulipotuma ndipo sahani yako ilipopungua. Fundi alisema mvua za vuli hazingoji mtu, nami nikakuandikia vile vile alivyosema. Nyumba hii imevuja tangu hujazaliwa na hakuna aliyekufa maji. Upande wa chumba cha nyanyako umeshaezekwa, uliobaki ni wa jikoni, na jikoni mimi nina ndoo zangu. Mwezi huu usitume kitu. Nunua kikaango kizito, si kile chembamba kinachounguza, na kisu kimoja cha maana. Ukituma nitairudisha na ada yao juu yangu.

Ramadhani haiko mbali. Futari ya chai na biskuti nisiisikie.

Maji hapa yamekuwa tabu tena, twanunua ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni amepandisha kwa kuwa ajua hatuna pa kwenda. Mdogo wako amepata kibarua cha wiki tatu bandarini, ala kama watu wawili, yeye simuogopi. Nyanyako auliza kama ni kweli kuku wa huko huuzwa bila miguu wala shingo. Nimemwambia ni kweli. Amesikitika sana. Harusi ya jirani imeahirishwa, sababu nitakueleza kwa simu, haiandikiki.

Kuna mama wa mtaa wa pili aja huko kwa mwanawe aishiye Halle, ambako naambiwa ni kama nusu saa kwa treni kutoka kwenu Leipzig. Amekubali kunibebea kilo mbili. Samli ameikataa, asema nyama na vitu vya maziwa wasafiri hawaruhusiwi kuviingiza Ulaya, wangemnyang'anya uwanjani, nami sikutaka kumtia aibuni. Basi nimefunga bizari ya mchuzi, manjano, jira, iliki na pilipili manga, vyote vikavu, kila kimoja na karatasi yake yenye jina kwa sababu jira na bizari nyingine wewe huzitofautishi. Kuna doti moja ya leso, na ndani ya leso mwiko wa mti.

Atafika Alhamisi. Usimngoje akuletee mlangoni, yule ni mtu mzima na mgongo wamsumbua. Mpigie kwanza, kisha uende Halle mwenyewe ukauchukue, na usiende mikono mitupu. Mfuko wako ni wa bluu. Ule mwekundu ni wa mwanawe, una dawa zake, usiuchanganye.

Wasalaam,
Mamako