Vijana wa pikipiki mnaopanda Lushoto, laleni Mombo kwanza

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama ni ndefu naomba univumilie maana haya maneno nimekaa nayo muda mrefu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Tabata, na kila ikikaribia Saba Saba au Nane Nane vijana wanaanza kumiminika kijiweni, huyu ana Boxer, huyu ana TVS, mwingine kapata pikipiki kubwa ya mtumba anaing'arisha kila asubuhi, na wote wimbo wao mmoja, "fundi nicheki breki, wikiendi tunapanda Lushoto". Nafurahi sana nikisikia hivyo. Kwetu ni huko, nimezaliwa Soni, ile barabara ya Mombo hadi Lushoto nimeipanda nikiwa nimepakatwa na bibi kwenye basi, nimeipanda juu ya magunia nyuma ya lori, nimeitembea kwa miguu na mzigo kichwani, na sasa naipanda kwa pikipiki, na mpaka leo sijaona barabara nyingine inayonifanya nitabasamu peke yangu ndani ya helmeti kama ile.

Sasa nikishafunga breki nawauliza, jamani ratiba yenu ikoje? Jibu ni lile lile, Jumamosi alfajiri tunatoka Dar, jioni tuko juu, Jumapili tunashuka tunarudi. Mhariri hapo ndipo roho inaniuma. Kijana kanunua glavu, kanunua koti, kabadilisha tairi, simu ya kupigia picha ina kishikio chake kwenye usukani, kila kitu kapanga, ila hajapanga saa. Na mimi nasema kama mtu aliyezaliwa pale, saa ndiyo inayoangusha watu kwenye ule mlima kuliko hata kona zenyewe.

Hebu fikiria. Kutoka Dar mpaka Mombo ni zaidi ya kilomita 300, unapita Chalinze, Msata, daraja la Wami, Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, njia nzima uko na mabasi yanayokupita kama yanafukuzwa na malori yanayokurudisha nyuma kwa upepo, kila kijiji matuta, kila kijiji mwisho ni 50 kwa saa, unasimama mafuta, unasimama chai, mmoja wenu cheni imelegea mnasimama tena. Kwa pikipiki ya cc 150 ukiwa mstaarabu unafika Mombo saa 9, saa 10 alasiri. Viganja vimekufa ganzi kwa mtetemo, shingo imekaza, macho mekundu. Halafu hapo hapo unakata kulia, unaiacha barabara kuu ya Moshi, na mlima unaanza. Hakuna kipande cha kuzoea, yaani nyumba za Mombo zikiisha tu uko kwenye kona. Kilomita kama 33 hivi, unatoka kwenye joto la mita 400 kutoka usawa wa bahari mpaka kwenye baridi la karibu mita 1,400, lami nyembamba, upande mmoja jiwe upande mwingine bonde na mto unausikia chini huuoni.

Na jioni ndio saa ambayo kila mtu yuko barabarani. Fuso za mboga zinashuka zimejaa kabichi na karoti zinawahi soko la Dar kabla hakujapambazuka, watoto wanatoka shule, akina mama wanarudi shambani na kuni kichwani, wanatembea kwenye lami kwa sababu pembeni hamna pa kutembea, ni mtaro halafu ukuta wa mlima. Bonde ni refu, giza linaingia humo kabla ya kwingine. Na ukungu ukiamua kushuka haukuombi ruhusa.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa watano, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa msafara, kwa hiyo ninachokisema hapa sijakisikia kwa mtu. Tulifika Mombo saa 11 jioni. Nilijua kabisa kwamba tumechelewa, ila wenzangu walikuwa na hamu, vyumba tulikuwa tumeshalipia kule juu, nikasema twendeni nitawaongoza, njia naijua. Soni tulipita vizuri, maporomoko yale ya maji tukayasikia bila kuyaona vizuri, na mbele kidogo ukungu ukatufunika. Rafiki yangu alikuwa wa tatu kwenye mstari. Kona ilikuwa ya mkono wa kulia, mlima unaikinga hauoni mbele, akaingia akiwa bado na mwendo, na pale kwenye kona palikuwa na tope limeteremka kutoka shambani limechanganyika na majani ya kabichi yaliyokanyagwa. Fuso inashuka. Alichofanya alifanya sawa, alirudi kushoto, ila tairi la mbele halikushika kitu, akaenda mtaroni.

Nilipogeuza na kurudi nilikuta injini bado inanguruma, pikipiki imelalia ubavu, taa inamulika ukuta wa mlima na matone ya maji kwenye majani, na yeye amekaa kwenye tope kashika bega hasemi. Mtulinga umevunjika. Dereva wa Fuso alisimama, Mungu ambariki, akatuwekea matawi barabarani ili wanaokuja waone. Na kabla sijajua nianzie wapi watu walikuwa wameshatoka kwenye giza, mama mmoja kavua kanga yake akamfunga mkono ukakaa kifuani, kijana kakimbia kutafuta Noah ya kumpeleka hospitali. Kulikuwa na mzee mmoja na tochi. Aliniangalia, akaangalia namba za pikipiki, akaniuliza kwa upole kabisa, "Nyie mmetoka Dar leo leo?" Nikasema ndiyo baba. Akatikisa kichwa, akasema, "Wote tunaowaokota hapa wametoka Dar leo leo."

Sikulala usiku ule. Mimi mtoto wa pale, nimewaleta wageni kwenye barabara ya nyumbani saa ambayo mama yangu mwenyewe asingeniruhusu kutoka nje kucheza.

Kwa hiyo vijana wangu nawaomba, laleni Mombo. Au Korogwe kama mmechoka zaidi. Ongezeni siku moja tu. Chagueni wikiendi iliyobebana na sikukuu, na Saba Saba na Nane Nane zote zinaangukia kipindi ambacho masika yameshaisha na vuli bado, barabara ni kavu, kuna baridi tu na baridi dawa yake koti. Machi mpaka Mei usiende, ule udongo ukishiba maji unateremka na mawe yake mpaka barabarani. Toka Dar Jumamosi alfajiri, fika Mombo alasiri, kula, oga, kaza cheni, lala. Asubuhi usikurupuke pia, subiri mpaka saa 3 hivi ukungu uwe umeshanyanyuka, ndipo upande. Utaiona barabara nyingine kabisa! Mtu ambaye kaipanda jioni akiwa amechoka hajaipanda. Asubuhi unaona mashamba yamepandishwa kwa ngazi mpaka juu huko, unaona mto kule chini unang'aa, unasimama Soni unaangalia maji yanavyoanguka, unanunua matunda kwa watoto walioshika vikapu, unafika Lushoto saa 5 na siku nzima bado ni yako. Kuna muda wa kwenda Irente ukasimame pale kwenye mwamba uione Mazinde yote chini yako na nyika mpaka jicho linapochoka, na kuna muda wa kupita msitu wa Magamba wenye kivuli na harufu ya majani mabichi. Uliza tu mapema siku za gulio, maana siku hiyo barabara inakuwa ya watu na mizigo.

Kwenye kuendesha nitasema machache ninayoyaona kila siku kwenye pikipiki zinazorudi kijiweni kwangu. Kupanda sio shida, pikipiki itapungua nguvu kidogo, hizi zetu za kabureta ukipanda mita 1,000 inapungua kama asilimia 10 kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, usiogope, shusha gia tu. Shida ni kushuka. Kuna mchezo wa kuweka nyutro ili kubana mafuta, huo uacheni kabisa kabisa. Ukiweka nyutro injini haikushikii tena, kazi yote inabaki kwa breki, na breki shuu zikipata moto zinaacha kushika, unakanyaga pedali inakwenda mpaka chini na pikipiki bado inakimbia. Nimezifungua nyingi zimekuwa ngumu zinang'aa kama kioo, na ukimuuliza mwenyewe anakwambia "ilianza kunuka tukiwa tunashuka". Shuka na gia ile ile uliyopandia, kama kona ulipanda na namba mbili basi shuka na namba mbili, acha injini ilie, breki unazigusa na kuachia, usizilalie.

Na kona ya kulia, Mhariri, hii naomba usiikate. Sisi tunakaa kushoto, kwa hiyo kona ikipinda kulia ukilala na pikipiki tairi lako linaweza kuwa upande wako kabisa ila kichwa chako na bega viko upande wa mwenzako. Hapo ukikutana na Coaster imekata kona inakukuta. Kaa nje karibu na ukingo wako, punguza mwendo kabla hujaingia sio ukiwa ndani, piga honi mapema. Wenyeji wote wanapiga honi kwenye zile kona, wanaambiana nipo nakuja. Wewe usipopiga hakuna anayejua kama upo.

Na kwa wanaohusika na ile barabara nina ombi moja, tuwekeeni vioo vya kona, vile vya mviringo vilivyobinuka, kwenye zile kona zilizozibwa na mlima. Mtoto anayetembea na ndoo atajua Fuso inakuja, na Fuso itamjua mtoto. Nasema kwa heshima, watu wa Soni na Lushoto wanaitembea barabara hii siku zote 365, sisi wa pikipiki tunakwenda mara moja kwa mwaka, kwa hiyo hata tusingekuwepo sisi bado wao wanavihitaji.

Mtu atasema fundi anatutisha ili tuongeze gharama ya kulala. Chumba cha kawaida Mombo hakizidi bei ya tairi la nyuma ulilobadilisha juzi. Rafiki yangu alikaa miezi mitatu hawezi kunyanyua mkono, familia inamtegemea, na mke wake alikuwa ananipigia simu kila jioni kuniuliza kwa adabu tu, "shemeji, lini atarudi kazini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Saba Saba hii tunakwenda tena, wale wale watano. Jumamosi saa 12 asubuhi tunaondoka Tabata, usiku tunalala Mombo, na wenye hamu wakinisumbua kupanda jioni ile funguo za pikipiki zote zitakuwa mfukoni kwangu, tumeshakubaliana. Bega lake limepona. Atakuwa wa pili kwenye mstari, mimi nitakuwa wa mwisho ili niwaone wote, na pale kwenye ile kona tutasimama, maana nimebeba kanga mbili mpya za yule mama na tochi ya mzee.

Fundi pikipiki,
Tabata, Dar es Salaam