Mwanangu, kuhusu ile asante ya bibi yako

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako niliupata juzi usiku. Baada ya shikamoo uliuliza jambo moja tu: "Baba, siku ile tulikuwa tunashukuru nini? Maiti?" Nikaweka simu chini. Jibu lake haliwezi kuenea kwenye ujumbe wa simu, ndiyo maana nakuandikia barua.

Siku ile siisahau. Siku tatu tulikaa ufukweni, baba yako mdogo amezama ziwani, haonekani. Usiku vijana wanazunguka ziwani na mitumbwi na taa, mchana wanawake wako mchangani, hata uji hawataki. Asubuhi ya nne wavuvi wa dagaa wakamleta, amefunikwa turubai la buluu. Bibi yako akapiga magoti kwenye matope, akaishika miguu yake iliyovimba, akasema, "Asante Mungu, umenirudishia mwanangu nimzike." Nikakuona unageuka, unaondoka. Hukusema kitu, lakini mimi ni baba yako, nilijua umekasirika.

Unajua nimefundisha Agano la Kale miaka mingi, na kazi hiyo imenilazimu kusoma jinsi Wayahudi wenyewe wanavyoyaelewa maandiko yao. Kuna habari moja yao niliyokuwa naifundisha darasani kama habari tu. Siku ile, nimesimama nyuma ya bibi yako, ilinijia yote.

Mwaka 132 Wayahudi waliinuka kupigana na Warumi wakiongozwa na Bar Kokhba. Hekalu lao lilikuwa limekwisha kuchomwa tangu mwaka 70. Walipigana miaka mitatu hivi, mpaka ngome yao ya mwisho, Beitar, kusini-magharibi mwa Yerusalemu, ikaanguka mwaka 135. Mwanahistoria wa Kirumi, Cassius Dio, aliandika kwamba waliouawa kwa upanga peke yao walikuwa 580,000. Wasomi wa leo wanabishana juu ya hesabu hiyo, lakini hakuna anayebisha kwamba nchi ilibaki magofu. Kaisari Hadrian akaligeuza hata jina la jimbo, na Yerusalemu ikafanywa mji wa Kirumi ambao Myahudi haruhusiwi kuukanyaga. Na wale waliouawa Beitar, marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi, wanasimulia, walikatazwa kuzikwa. Yako masimulizi kwamba maiti zao zilipangwa kuwa uzio wa shamba la mizabibu la Hadrian.

Hapo tusimame kidogo, mwanangu. Mfikirie mama wa kijana mmoja wa Beitar anayepita kando ya uzio ule kila anapokwenda kuteka maji.

Baadaye ruhusa ikatoka. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, inasema siku wafu wa Beitar waliporuhusiwa kuzikwa, wanazuoni waliokuwa katika mji wa Yavne waliweka baraka mpya, yaani sala fupi ya kumsifu Mungu: Hatov vehametiv, yaani Aliye mwema na atendaye wema. Nao wanaeleza kila neno lilivyoingia. Mwema, kwa kuwa miili ile haikuoza. Atendaye wema, kwa kuwa ilipata kuzikwa.

Walikuwa wameshindwa vita, hawana mji, hawana hekalu, vijana wao wameisha. Wakashukuru kwa ajili ya kaburi. Niliposoma mara ya kwanza nilidhani ni watu waliokata tamaa, wanaokota makombo. Sasa sidhani hivyo tena, na aliyenibadilisha ni bibi yako.

Tazama walipoiweka baraka hiyo. Unaweza kudhani ingekaa kwenye sala za msiba. Wao waliiweka mezani. Torati inasema, "Nawe utakula ushibe, utamshukuru BWANA, Mungu wako, kwa nchi nzuri aliyokupa," na kwa neno hilo Myahudi akimaliza kula mkate husema baraka nne. Ya kwanza ni ya chakula. Talmudi inasema aliiweka Musa ilipoanguka mana. Ya pili ya nchi, aliiweka Yoshua walipoingia Kanaani. Ya tatu ya Yerusalemu, ya Daudi na Sulemani. Ya nne ni hiyo ya Beitar. Mana, nchi, mji, kisha kaburi. Mtoto ambaye makombo bado yako mdomoni anaunganishwa kila siku na watu waliolala bila kuzikwa mamia ya miaka kabla hajazaliwa.

Ndiyo maana nikiulizwa taifa lile lilijificha wapi karne zote hizo lisizokuwa na nchi wala jeshi, mimi husema lilijificha mezani. Baghdad, Fez, Sanaa, Vilna, popote mtu alipokula mkate akashiba, aliinuka akiwa ameitaja nchi asiyoiona na wafu asiowajua, na akawataja kwa kushukuru. Kisasi peke yake kingewachosha baada ya vizazi vichache. Majonzi peke yake yangewamaliza.

Na hawakuanzia Beitar. Hekalu lilipokuwapo, mkulima alishuka shambani, akiona tini ya kwanza imeiva anaifunga unyasi na kusema, hili ni limbuko. Tajiri alipeleka yake kwenye vikapu vya fedha na dhahabu, maskini kwenye vikapu vya fito zilizomenywa. Akifika mbele ya kuhani, hasemi neno juu ya mvua wala jembe lake. Anaanza kwa kusema kwamba baba yake alikuwa Mwarami karibu na kupotea, akashuka Misri, wakateswa, wakalia. Shukrani yake inaanzia pale walipokaribia kwisha. Hekalu lilipobomolewa hapakuwa tena na mahali pa kupeleka tini, lakini maneno yale yale yakabaki kuwa kiini cha masimulizi ya usiku wa Pasaka nyumbani, mpaka leo.

Kwa Kiebrania, kitenzi cha kushukuru ndicho pia cha kukiri. Lea alipomzaa mwanawe wa nne alitumia neno hilo, akamwita Yuda, na kutoka kwa Yuda ndipo Wayahudi wakapata jina lao. Bibi yako hajui Kiebrania, lakini ufukweni pale alikuwa anakiri: huyu ni wangu, nilipewa, nimerudishiwa kilichobaki.

Najua pia una hasira na mwenye mtumbwi, aliyewatuma ziwani bila maboya. Hasira hiyo usiizime kwa sababu bibi amesema asante. Wayahudi hawajaizima yao. Tarehe tisa ya Av, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, siku ambayo kwa mapokeo yao hekalu liliharibiwa na Beitar ikaanguka, wanafunga, wanakaa chini sakafuni, wanasoma Maombolezo. Tarehe kumi na tano ya mwezi huo huo ni siku ya furaha, na Talmudi inataja kati ya sababu zake kwamba siku hiyo wafu wa Beitar waliruhusiwa kuzikwa. Siku sita tu zimezitenganisha, na hakuna iliyoifuta nyingine. Mimi nimeshafika ofisi ya kijiji mara mbili kwa ajili ya maboya hayo. Jumatatu nitafika tena.

Nikuambie na hili. Katika sinagogi kiongozi huirudia sala kuu kwa sauti, na watu huitikia amina. Akifika kwenye shukrani, kila mtu huinama na kushukuru kwa kinywa chake mwenyewe, kimyakimya. Rabi mmoja wa Hispania wa karne ya 14, Abudarham, alieleza sababu: mtu anaweza kutuma mwakilishi akaombewa, lakini kushukuru hakuna wa kumshukuria mwenzake. Kwa hiyo asante ya bibi ni ya bibi. Hakuisema kwa niaba yako, na mimi siidai kwako.

Arobaini itakuwa mwisho wa mwezi. Panda kivuko cha mchana kutoka Mwanza, nitakupokea Nansio. Kaburi bado halijajengewa, lina mchanga tu na mawe ambayo bibi yako ameyapanga kwa mkono wake. Tutakwenda sote watatu. Ukitaka kusema kitu useme, ukitaka kunyamaza unyamaze. Bibi amekuwekea dagaa wa kukaanga na anauliza kila siku kama umeshakata tiketi.

Baba yako