Kikundi kikipata mkopo kinunue pipa la kuzunguka kwanza, ya mtetemo baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye barua za wasomaji niseme jambo ambalo linaniuma mwaka wa pili sasa, na nalisema kwa sababu naona vikundi vya kina mama na vijana huku kwetu Arusha na Simanjiro vinaingia kwenye deni kwa ajili ya mashine ya kusugulia mawe ya vito ambayo sio ya kazi yao.

Tangu sheria ya madini ibadilishwe 2017 kila mkutano utasikia ongezeni thamani, msiuze ghafi, na mimi naunga mkono kabisa. Jiwe la rangi kama ageti au jaspa limetoka chini na udongo wake, ukilisugua likang'aa linatengenezwa hereni, kidani, kishikio cha funguo, mtalii ananunua, na haihitaji fundi wa kukata wa kusomea miaka kama tanzanaiti. Kinachotakiwa ni tambla, yani ile mashine ya kusugulia mawe, na maji, na griti, yani zile punje ngumu za kusugulia, na subira. Sasa kikundi kikipata ule mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kinaenda kuulizia mashine, muuzaji anawaambia ziko za aina mbili, ya kuzunguka inachukua mwezi mzima na ya kutetemeka inachukua wiki, mama mwenye marejesho kila mwezi atachagua ipi? Wanachukua ya mtetemo, tena ndo ya bei kubwa, wanajaza mawe yao ya mgodini, wiki inapita wanatoa mawe yaleyale na kona zilezile, yamelainika juu juu tu. Kikundi chetu kilifanya hivyohivyo kwa hiyo siongei ya kusikia. Tulikaa tumeyatandaza kwenye turubai tunaangaliana, mwenzetu mmoja akasema labda tumeweka griti kidogo, tukarudia wiki nyingine, yakatoka vilevile.

Mashine haikuwa mbovu na hili nataka lieleweke. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri, ila kazi yake sio ile tuliyompa.

Pipa la kuzunguka ni ngoma yenye raba ndani, inalala juu ya shafti mbili, mota inazungusha shafti moja na hiyo shafti inaviringisha ngoma. Unajaza mawe mpaka theluthi mbili au robo tatu, makubwa kwa madogo, unaweka maji yasifunike mawe, unaweka griti. Ngoma ikizunguka mawe yanapanda na ukuta halafu yale ya juu yanateremka juu ya wenzake kama mchele kwenye ungo ukiuinamisha, na kwenye huko kuteremka ndo kona zinaliwa. Jiwe linaloingia kama kipande cha tofali kilichovunjika linatoka mviringo. Unaanza na griti nene ya silikoni kabaidi, ile namba 60/90 (namba ikiwa ndogo punje ni kubwa), wiki moja, na kwa mawe magumu kama ageti usishangae ukarudia wiki ya pili na ya tatu, halafu 120/220, halafu 500, halafu poda ya kung'arishia ya aluminiamu oksaidi. Kila hatua kama wiki. Huo ndo mwezi ambao muuzaji aliwatishia watu nao, na ni kweli ni mwezi, lakini nusu ya ule mwezi ni kutengeneza umbo na umbo hilo mashine ya mtetemo haikupi hata ukiiacha mwezi huohuo.

Ya mtetemo ni bakuli limekaa juu ya springi, chini kuna mota yenye uzito uliofungwa upande mmoja, ukizunguka bakuli lote linatikisika, kama vaibreta ya zege kwa wale wa ujenzi. Mawe hayaporomoki, yanasuguana palepale huku yakitembea polepole kuzunguka bakuli. Kwa hiyo ngozi ya jiwe inalainishwa na umbo linabaki kama lilivyoingia. Kama umeingiza jiwe ambalo tayari umelitengeneza umbo, kwa mfano kabochoni (jiwe la pete lenye mgongo wa mviringo na chini bapa) au moyo au vipande vilivyokatwa na msumeno, hapo mashine hii haina mpinzani, hatua moja ni siku moja mpaka tatu na griti inakwenda kidogo sana ukilinganisha na pipa. Lakini ukiingiza jiwe la shimoni lenye kona na mashimo, unatoa jiwe la shimoni lenye kona na mashimo, safi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Mawe mengi ya vikundi vyetu ni ghafi kabisa, ni yale yaliyochekechwa kwenye mabaki au kununuliwa kwa ndoo, hayo yanahitaji pipa. Pipa likishamaliza ile hatua ya kwanza na ya pili unaweza kuhamishia kwenye mtetemo umalizie 500 na poda ndani ya siku chache badala ya wiki mbili, na wenye uzoefu kokote duniani wengi ndivyo wanavyofanya, wana zote mbili. Ila ukiwa na hela ya moja tu, pipa linaweza kufanya hatua zote mwanzo mpaka mwisho, mtetemo hauwezi.

Na pipa unaweza kuundiwa na fundi wa kuchomelea hapahapa, jambo ambalo kwa bakuli la mtetemo ni gumu sana kulipatia. Tatizo la mapipa ya mtaani ni spidi. Mafundi wetu wamezoea boli mili za kusagia mawe ya dhahabu, kule lengo ni kuponda, huku lengo ni kusugua. La kwetu la kwanza lilikuwa linazunguka kama limefukuzwa na mawe yakatoka na alama za mwezi mwandamo juu yake, zile ni nyufa za kugongana, hazitoki mpaka usugue jiwe lote upya. Kuna hesabu rahisi ambayo watu wa vinu vya kusaga wanaitumia, unachukua 42.3 unagawanya kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha ngoma kwa mita, inakupa mizunguko kwa dakika ambayo mawe yananata ukutani hayateremki tena. Ngoma ya sentimita 20 inakuja kama 95, ya sentimita 30 inakuja kama 77. Wewe lenga karibu nusu yake. Sisi ngoma yetu ni ya sentimita 20, mota inazunguka 1440, tumeweka puli ya sentimita 5 kwenye mota na ya sentimita 16 kwenye shafti, shafti inakwenda 450, na kwa kuwa shafti ni ya sentimita 2 ngoma inazunguka 45. Tangu hapo mawe hayajapasuka. Nimeandika namba zote kwa makusudi, fundi yeyote akizisoma anaweza kuzifuata.

Umeme nao uingizwe kwenye mahesabu kabla ya kusaini mkopo. Mota ndogo ya wati 40 ikizunguka usiku na mchana inakula karibu uniti moja kwa siku, mwezi ni kama uniti 29, hiyo inabebeka. Wanaosema mtetemo unaokoa umeme kwa sababu ya siku chache wana pointi, ila huku kwetu umeme unakatika, na hapo ndo utofauti unauona. Pipa limefungwa, maji hayaendi popote, umeme ukikatika masaa matatu linasimama, ukirudi linaendelea kama hakuna kilichotokea (usiliache siku nzima tu, tope litaganda chini). Bakuli la mtetemo linataka mawe yawe na unyevu tu, maji yakizidi griti inaoshwa inashuka chini, yakipungua tope linakuwa zito mawe hayasogei, na yanapungua muda wote hasa kiangazi hiki cha upepo, kwa hiyo lazima mtu awe anapita kila baada ya masaa machache na chupa ya kupulizia. Umeme ukikatika saa nane usiku asubuhi unakuta tope limekaukia kwenye mawe kama ugali kwenye sufuria. Kina mama ambao wana shamba, wana watoto, wana genge, nani anakaa kulinda bakuli?

Kuhusu aina za mawe nitasema kwa kifupi maana kila jiwe lina habari yake. Ageti, jaspa, kwatzi, aventurini, krisopresi ile ya Haneti kule Dodoma, zote ziko kwenye ugumu wa 7 hivi kwa kipimo cha Mohs, kile ambacho almasi ni 10, na zinaweza kuchanganywa ndani ya pipa moja. Amazonaiti iko 6 mpaka 6 na nusu na ina tabia ya kupasuka kwa mistari, hiyo isichanganywe na ageti, iwekewe vipande vya plastiki vya kupunguza kishindo, na hatua za mwisho ndo hasa mtetemo unaifaa. Tanzanaiti hata ile ndogo usiiweke kwenye pipa, inapasuka upande mmoja kirahisi mno, peleka kwa mkataji. Na lile jiwe letu la Longido, la kijani lenye madoa mekundu, ambalo duniani linaitwa anyolite kutokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani, nimeona watu wanalitumbukiza kwenye tambla na moyo unaniuma. Ule wekundu ni rubi ugumu 9, ule ukijani ni zoisaiti ugumu 6 na nusu, ukisugua kwa griti ya kawaida kijani kinaliwa na rubi zinabaki zimechomoza kama vipele. Jiwe lile lilipatikana Mundarara na mpaka leo linatoka kwetu, linastahili diski ya almasi ambayo inakata rubi na zoisaiti kwa usawa. TGC, kile kituo cha serikali cha mafunzo ya vito pale Arusha, wanafundisha kukata na kung'arisha, swali kama hili ni la kwao kabisa.

Usafi sasa, na hapa mashine zote mbili ni sawa. Punje moja ya 60/90 ikijificha kwenye ufa wa jiwe ikaingia nayo kwenye poda, inachora mawe yote na wiki nne zimekwenda. Osha mawe, osha ngoma, osha mfuniko, tumia mswaki, na kama unaweza uwe na ngoma ya peke yake kwa ajili ya poda tu. Sisi kati ya hatua na hatua tunakwangua sabuni ya mche kidogo tunaweka na maji tunazungusha masaa machache, inatoa uchafu mwingi ambao macho hayauoni. Ngoma ifunguliwe angalau mara moja kwa siku hasa siku za mwanzo, kuna mawe yanatoa gesi na mfuniko unaweza kuruka.

Tope usimwage kwenye sinki wala karo, linaganda kwenye bomba kama saruji. Chimba shimo nyuma ya nyumba, na usiliache likauke sakafuni halafu ukafagia, lile ni vumbi la silika, ndilo hilohilo lililomaliza mapafu ya vijana wetu wa shimoni. Tambla ni kazi ya maji na maji ndo yanatulinda, lakini likikauka ni hatari kama drili. Kina mama wengi wanafanyia kazi hii barazani na mtoto mgongoni, ndo maana nimelirefusha hili.

Ninachoomba kwa maafisa maendeleo wa kata wanaopitisha maandiko ya mikopo ni swali moja tu kwenye fomu, mawe yenu yako katika hali gani, ghafi au yameshakatwa? Wakijibu ghafi basi andiko liwe na pipa, na hela inayobaki iende kwenye griti maana griti ndo inayoisha, mashine inakaa. Na wauzaji wakisema siku saba waseme pia siku saba za jiwe gani.

Kile kitetemeshi chetu hatujakiuza, sasa hivi kinamalizia mawe yanayotoka kwenye pipa na kinatusaidia sana. Kikundi chochote cha Arusha au Mererani ambacho kina mashine ya mtetemo imekaa tu kwenye kona wasiiuze kwa hasara, watafute kikundi chenye pipa washirikiane, wenye pipa wazungushe wenye mtetemo wamalizie. Sisi tumeanza na wenzetu wa kata ya pili mwezi uliopita, ndoo ya kwanza ya jaspa tunaifungua Ijumaa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Njiro, Arusha