Barua kwa Mama Baraka kuhusu operesheni ya mtoto

Kisumu,
Jumapili jioni.

Kwako Mama Baraka,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea na shule na mvua imeanza kupoza joto. Barua yako imenifikia, na nimeona heri nijibu kwa kalamu badala ya simu, ili uwe nayo mkononi mtakapolazwa, na Baba Baraka naye aisome.

Nianze na la shemeji yako, anayetaka operesheni ya Baraka ingoje tiba mpya ya seli aliyoisoma. Alichosoma ni kweli. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walikuza seli za binadamu maabara mpaka zikawa za aina inayozaa neva za utumbo, wakazipandikiza kwa panya waliozaliwa na ugonjwa kama wa Baraka, huu wa Hirschsprung, ambao sehemu ya chini ya utumbo hukosa neva. Panya ambao wangekufa wakaishi. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kwelikweli, maana nimewauguza watoto hawa miaka mingi. Lakini tiba hiyo ingali ya maabara, na kati ya panya na mtoto wa mtu kuna mwendo mrefu. Angalia tu jeni inayoitwa RET. Panya mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo na moja nzima huwa mzima kabisa, ilhali binadamu nakala moja mbovu inaweza kutosha kumletea ugonjwa. Kwa hiyo mwambie shemeji, kwa heshima zote, Baraka hatasubiri panya. Kolostomi aliyowekewa, lile tundu la tumboni la kupitishia choo, ni ya muda, ya kumwacha anenepe na utumbo uliovimba urudi hali yake. Daktari akikupa tarehe, nendeni.

Sasa la mama mkwe, kwamba wewe ndiwe uliyemletea Baraka ugonjwa huu ulipokuwa mjamzito, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Neva za utumbo hazioti pale pale utumboni. Mtoto akiwa bado kijusi, seli zinazozaa neva hizo hutoka upande wa shingoni na kushuka na utumbo mpaka mwisho, na safari hiyo yote hufanyika ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Kwa Baraka zilisimama njiani kabla ya kufika chini. Ndiyo sababu hakutoa kile choo cha kwanza cheusi kinachonata, ambacho mtoto mzima hukitoa siku ya kwanza au ya pili: sehemu isiyo na neva hujibana, haisukumi kitu.

Hapa ndipo panya wametusaidia. Mwaka 1994 watafiti waliiharibu jeni ya RET kwa panya, nakala zote mbili, na vitoto vikazaliwa bila neva za utumbo kuanzia chini ya tumbo la chakula. Mwaka huo huo jeni hiyo ilipatikana na kasoro katika familia za watu wenye ugonjwa huu. Kuna panya wengine, wenye kasoro kwenye jeni iitwayo EDNRB, ambao huzaliwa na mabaka meupe mwilini na utumbo uliovimba, kwa sababu seli zinazoleta rangi ya ngozi na zinazoleta neva za utumbo hutoka chanzo kimoja. Yamekuwa mabaka mwilini na uvimbe tumboni kwa kosa lile lile dogo la jeni. Basi si odowa, ule udongo mgumu uliokuwa ukitafuna, Mama Baraka, wala si jicho la mtu, wala si kazi ulizobeba. Mtoto mmoja hivi katika kila 5,000 huzaliwa hivi, na wavulana ni karibu mara nne ya wasichana. Mkitaka mtoto mwingine, mwambieni daktari mapema, kwani wakati mwingine hujirudia katika familia. Mama mkwe umsomee sehemu hii kwa upole. Naamini anaogopa tu.

Kuhusu operesheni yenyewe, ugonjwa ulielezwa na daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, mwaka 1886, na kwa miaka mingi watoto walikufa huku madaktari wakidhani tatizo ni ile sehemu iliyovimba. Mwaka 1948 daktari wa upasuaji Orvar Swenson wa Boston, Marekani, alionyesha kwamba inayopaswa kukatwa ni ile nyembamba ya chini, isiyo na neva, kisha utumbo mzima uvutwe chini na kushonwa karibu na njia ya haja. Mbinu zimebadilika, wazo ni lile lile. Wakati wa operesheni daktari hutoa vinyama vidogo vikapimwe, kuhakikisha mahali anaposhona pana neva.

Wiki za kwanza atapata choo mara nyingi mno na makalio yatachubuka. Krimu ya zinki iwepo mapema, ipake nene, na umwache bila nepi kila upatapo nafasi, hata kama leso zote zitaingia kwenye beseni. Mshono unaweza kuvuja siku za mwanzo, ndiyo maana daktari hatawaruhusu mtoke haraka. Baadaye njia ya haja inaweza kubana, na daktari huipanua kwa vijiti laini vya chuma vinavyoongezwa ukubwa kidogo kidogo. Huenda ukafundishwa kufanya hivyo nyumbani. Mkono utatetemeka mara ya kwanza, halafu utazoea. Kuna watakaofunga choo na kuna watakaochafua nguo hata wakiwa wamefika shule. Wengi huimarika wanapokua, usikubali aaibishwe.

Ninaloliogopa ni utumbo kuvimba kwa maambukizi, na hilo linaweza kuja hata miezi mingi baada ya operesheni iliyoenda vizuri. Tuliletewa mtoto hapa akiwa ametoka kituo fulani na ORS tu, ile dawa ya maji ya chumvi na sukari, wakidhani anahara kama watoto wengine. Tumbo lilikuwa limekaza, linang'aa, mishipa inaonekana, macho yamelegea. Tulipopitisha mpira laini na kuanza kuosha utumbo kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, hewa na majimaji ya harufu kali vikatoka kwa kishindo, nikahisi tumbo likilainika chini ya kiganja changu. Aliwekewa dripu na antibiotiki, akapona. Angecheleweshwa mpaka asubuhi, sijui.

Kwa hiyo tumbo likijaa na kuwa gumu, awe na homa, ahare maji yanayonuka vibaya au yenye damu, atapike, au akatae kunyonya, usingoje kupambazuke. Amka umwambie wa bodaboda au jirani mwenye gari, na ukifika tamka jina la ugonjwa, Hirschsprung, kabla hujaulizwa, onyesha na karatasi za operesheni. Wahudumu wakikwambia ni kuhara tu, waombe wamwite daktari wa upasuaji, na usitoke hapo.

Nitumie tarehe wakishakupa. Nimeshamwambia msimamizi wa wodi kwamba nitaomba ruhusa, nishuke Nakuru nikae nawe zile siku za mwanzo, wewe upate kulala. Krimu nitakuja nayo, usinunue ghali huko mjini. Msalimie Baba Baraka, na mama mkwe umpe shikamoo yangu.

Ni mimi rafiki yako,
Akinyi